Graisse ya Mashini Isiyolia

Furaha, mutoto wangu,

Sasa hivi umefungua valise, umetoa chupa ya dawa ya papa yako katikati ya nguo, mahali nilikuwa nimeiweka, umeisimamisha juu ya meza kama mutu anayerudisha kitu kisicho chake, na umeniambia: «Maman, mimi naenda Kamituga kufundisha. Siko infirmière wa kumupa Papa dawa.» Halafu umechukua bidon, umeita wadogo zako, mumeshuka ku fontaine kuteka maji. Haukupiga mulango. Ungeupiga, ningesema ni hasira, na hasira yako naijua, inapita kama mvua ya hapa Bukavu. Lakini umeufunga polepole, umeushika na mukono ili usilie. Nikajua kama si hasira. Ni haya.

Chupa nimeiondoa pale mezani, juu mudogo wako Bahati anapenda kutikisa kila kitu chenye kulia. Nimeifunga ku kona ya kikwembe changu. Kisha nimekata karatasi katikati ya kaye yako ya zamani, nimechukua bic yako, nimeikala hapa karibu na dirisha. Mvua imekatika, bado kunaonekana vizuri. Utanisamehe maandiko. Weye umesoma mpaka diplome. Mimi nilifika mwaka wa tano wa primaire, na nyuma ya pale nilisoma vitabu vyako tu, wakati ulikuwa umelala. Ku soko wangali wananiuliza kama uko mudogo wangu. Sipendi kuwakatalia mara moja. Naacha kwanza waangalie vizuri.

Sitakuandikia juu ya sufuria, juu ya sufuria unanishinda. Sitakuandikia juu ya wanaume wa Kamituga wenye kuonyesha wasichana mavumbi ya dhahabu ndani ya karatasi. Hayo tulikwisha kuyaongea siku ile ya kuchambua maharagi, ulicheka sana, nikajua umesikia. Saa za dawa na hesabu ya vidonge, docteur ameviandika juu ya chupa. Mimi nataka nikuambie tu namna papa yako na mimi tulivyoujifunza ugonjwa huu vibaya, mpaka tukarudia kuujifunza, kama mutoto anayerudia mwaka. Ukisha kusoma, chupa utaibeba ao utaiacha. Ukiiacha, nitaituma nyuma na chauffeur mwingine, sitakukasirikia. Lakini unajua mwenyewe: mara ya mwisho walipopima damu yake, namba ilikuwa imepanda tena. Kule Kamituga anaikala peke yake ndani ya nyumba ya kompanyi, na mutu wa peke yake, siku haumwi, anasahau kama ni mugonjwa.

Tuanze ku mwanzo. Ulikuwa mudogo, unasoma primaire. Papa yako alikuwa amekuja kongé, kupumzika kazi, na jirani alikuwa anabatiza mutoto. Walichinja mbuzi, kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa ya kuogelea. Papa yako alikula maini na figo juu walimupa heshima ya mugeni. Alirudi anaimba. Asubuhi nikasikia mutu analia ndani ya nyumba, nikafikiri ni weye. Kumbe ni yeye! Mutu fundi wa mashini, mwenye kuinua moteur na mikono, amekamata muguu wake kama anaubembeleza. Kidole kikubwa kilikuwa chekundu, kinang'aa kama pilipili iliyoiva. Hata shuka hakuitaka. Alisema shuka inamupiga. Inzi ikatua pale, papa yako akaitukana, yeye na mama yake aliyeizaa.

Nyanya yako akafika, akaangalia, akatikisa kichwa. «Mutoto wangu amekanyaga kitu. Batu bamemuwekea kitu mu njia.»

«Maman, kitu gani? Mimi nilikanyaga tu mulango wa nyumba yangu.»

«Nyamaza. Mwenye kukanyaga hajuake.»

Akachemsha majani, akatumbukiza ule muguu ndani, na kelele ya papa yako ilisikika mpaka chini ku fontaine. Mimi nikaomba pousse-pousse ya wabeba-mizigo, tukamulaza juu kama gunia ya mihogo, tukamusukuma ku hopitali. Docteur alikuwa kijana, ametoka masomo si zamani. Aligusa kidogo tu, na jicho lake, si na mukono. Akasema: «Citoyenne, ni la goutte. Hizi vidonge ni za maumivu. Kidole kikipoa, murudi tupime damu. Pale ndipo tutaanza dawa ya goutte.»

Angalia sasa mama yako. Kwa mimi, goutte ni tone. Ulipougua macho, walikupa goutte. Masikio ya wadogo zako, goutte. Sikuwa nimesikia siku hata moja kama kuna ugonjwa wenye jina la matone. Nikajiambia: docteur amesema dawa ya mutu huyu ni matone, juu ya nini tungojee? Docteur ana watu wengi, anatupanga mu mustari tu. Nikamuacha papa yako kitandani, nikaenda farmasi.

«Nataka goutte.»

«Za macho ao za masikio?»

«Za kidole.»

Muuzaji akaniangalia. «Maman, kidole yako inaonaka?»

«Si yangu. Ni ya bwana yangu.»

«Ya bwana yako inasikiaka?»

Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka mpaka mumoja akaegemea mulango. Nilikuwa kijana, Furaha, haya ilinijaa mpaka masikio. Nikasema na sauti kubwa ili nisilie: «Unipe za macho! Dawa isiyoharibu jicho haiwezi kuharibu kidole.»

Wakanyamaza. Nilifikiri nimesema neno la akili. Nikarudi nyumbani mbio.

Kila jioni nilikuwa natia matone juu ya kile kidole, na weye ulikuwa unapiga magoti upande wa pili, unapuliza. Unakumbuka? Ulikuwa unapuliza kama mutu anayewasha makala, macho yamefungwa, mashavu yamevimba. Na kidole kikapoa. Kikapoa kabisa! Papa yako akavaa kiatu, akarudi Kamituga, na mimi nikawa munganga. Wamama walikuja mpaka kutoka Kasha kuniuliza. Mumoja aliyatia ku goti la bwana yake. Mwingine ku meno. Nyanya yako alikasirika, alisema ni majani yake ndiyo yaliyoponyesha, na tulinuniana juu ya kile kidole muda murefu kuliko vile kilikuwa kimeuma.

Na ku hopitali, kupima damu, hatukurudi. Mutu amepona, unarudi kumupima nini?

Lile ndilo kosa letu, mutoto wangu, na ndilo nataka ulikumbuke kuliko yote. Docteur alikuja kunieleza nyuma: maumivu ya goutte, ule ugonjwa wa viungo, yanakuja yenyewe na yanaenda yenyewe. Yakienda, unashukuru kitu chochote kilichokuwa karibu. Mimi nilikuwa karibu na dawa ya macho, nyanya yako alikuwa karibu na majani. Kidole kile kingepoa hata kama ningekitilia maji ya bugali. Kupona kwake kulitudanganya kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa, papa yako akiwa kule, mimi nilikuwa namupenda na nini? Na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa ninaouza. Weye unajua, kila camion iliyopanda Kamituga ilibeba mufuko wangu. Nilikuwa nachagua zile nzuri, zilizokauka zikaikala nyeupe, zenye hazina muchanga, zile ambazo watu wa soko walikuwa wananiomba na mimi nasema zimekwisha. Alikuwa anakula sambaza asubuhi na jioni, anawaambia wenzake: «Bibi yangu ananifikiria.» Maumivu yakarudi, yakaenda, yakarudi. Kila mara nilituma goutte za macho pamoja na sambaza. Mufuko mumoja! Leo nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu nacheka kidogo zaidi ili nisifanye kitu ingine.

Ndipo ikafika ndoa ya tonton yako Mugisho, kule Kalehe. Papa yako alishona abacost mupya, ile suti ya wakubwa, akanunua viatu vyeusi vya ncha. Tulipanda bato ya ziwani vizuri. Tulipokaribia kufika, nikaona ameacha kuongea. Akavua kiatu cha kuume. Akaomba kisu kwa mama mumoja aliyekuwa anamenya ndizi, akakata kile kiatu kipya mbele, kidole kikatoka inje kama kichwa cha kobe. Hata vile hakuweza kukanyaga chini. Vijana wa ukoo wakaleta kiti, wakamuweka juu, wakamubeba mabegani kutoka bandari mpaka nyumba ya ndoa.

Watu wa ndoa walijua nini? Wanaona mutu mwenye abacost anabebwa ku kiti. Wamama wakapiga vigelegele. Muzee mumoja akapaza sauti: «Chef amefika! Mutoe njia, chef amefika!» Bibi muzee akakuja kucheza mbele yake, anatingisha mabega. Na papa yako, machozi yanashuka, akainua mukono akawasalimia kama chef kweli. Weye ulikuwa unakimbia pembeni, umekumbatia kile kipande cha kiatu. Ukaniuliza: «Maman, Papa amekuwa chef?» Nikakujibu ndiyo.

Tuliporudi, nilimushika papa yako, tukaenda kwa docteur yule yule. Nikatoa chupa ya dawa ya macho, nikaiweka mezani, nikamueleza yote bila kuficha. Docteur akafunika mudomo na mukono. Uso wake ulikuwa wa heshima kabisa, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Papa yako akageuka kuniangalia.

«Mama Furaha, ulikuwa unanitia dawa ya macho?»

«Uliponaka, ao haukuponaka?»

Pale docteur akashindwa, akacheka wazi, na sisi pia.

Kisha akatueleza. Akasema ndani ya damu ya kila mutu kuna kitu kinaitwa acide urique. Kinatoka ndani ya mwili wenyewe, na kingine kinatoka ndani ya chakula: nyama ya ndani, pombe, samaki wadogo wadogo. Figo zinakitupa inje na mukojo. Kwa watu wengine figo zinakitupa kidogo tu, na ugonjwa huu unapenda kutembea ndani ya jamaa. Kikizidi mu damu, kinatulia mu kiungo, kinafanya visindano.

Niliposikia samaki wadogo wadogo, nilikumbuka mifuko yangu ya sambaza. Sikuthubutu kumuangalia papa yako. Nikauliza kitu ingine, ili mudomo wangu upate kazi: «Docteur, ni kama chumvi kuzidi mu maji?»

Juu hiyo naijua. Pale natia chumvi samaki wakubwa, namwaga chumvi ndani ya maji, maji inaimeza, namwaga tena, inaimeza. Kunafika wakati maji inakataa. Chumvi inaikala chini ya basani kama muchanga, unaweza kuigusa na kidole.

«Njo vile, citoyenne,» akasema docteur. «Sasa dawa hii ya kila siku inapunguza chumvi mu maji. Maji ikiwa na nafasi, inaanza kula polepole ule muchanga wa chini. Lakini polepole sana. Na ukiacha dawa, chumvi inarudi kujaa.»

Akatukataza kupima siku ile. Alisema siku ya maumivu damu inaweza kudanganya, inatoa namba nzuri na kidole kinawaka moto. Tulirudi kidole kilipopoa, wakatoa damu, na docteur akachora mustari juu ya karatasi. Namba ya papa yako aliiandika juu, mbali na mustari. Akasema: «Kazi yetu ni kuishusha chini ya huu mustari, na kuibakisha chini. Hatuangalie maumivu. Tunaangalia mustari.» Furaha, katika yote niliyoyasikia hopitali, neno hili ndilo nalishika.

Alianza na dawa kidogo. Alituonya: muchanga ukianza kutikisika, unaweza kukwaruza, kwa hiyo maumivu yanaweza kurudi ile miezi ya kwanza, musiogope, musiache. Alimupa na vidonge vingine vidogo vya kumulinda. Hata vile, siku maumivu yalirudi, papa yako alirusha boite ku ukuta. «Ni hii dawa njo inaniua!» Mimi nikaokota vidonge chini ya kitanda, kimoja kimoja, nikavipanguza. Sikuongea. Ile siku nilikuwa na akili. Walipima tena, wakaongeza dawa, wakapima tena. Namba ikashuka. Ikapita mustari. Na goutte ikanyamaza, mwezi na mwezi, mpaka tukasahau sauti yake.

Kusahau ndiko kulikotaka kutuua. Papa yako, kule Kamituga, akajiambia: siumwi, dawa ya nini? Akaanza kuwagawia wenzake. Mwenye mugongo, kidonge. Mwenye goti, kidonge. Mwenye homa ya pombe, kidonge. Alivigawa kama bombo, pipi ya watoto. Na mimi, huku, nilikuwa nimeacha kutuma sambaza, bila kumueleza vizuri, juu niliona haya: miaka yote namulisha ugonjwa wake na mikono yangu. Unajua alituma habari gani na chauffeur? «Umuulize Mama Furaha nimemukosea nini.» Alifikiri nimeacha kumupenda! Docteur hakusema asiguse sambaza kabisa. Alisema kidogo, si mufuko. Lakini mimi nilikata yote mara moja, kimya, na kimya changu kikamuuma fasi ingine.

Nikapanda camion. Weye ulibaki na wadogo zako kwa nyanya. Nilifika nimejaa matope mpaka nywele, nikamukuta ameikala na wanaume wenzake mbele ya nyumba, muguu mumoja umevimba. Na badala ya kumusalimia, nikaanza. Dawa iko wapi? Umemeza? Umempa nani? Docteur alisema nini? Vile, mbele ya wote. Mumoja akasema: «Ee, chef, infirmière yako amefika.» Wakacheka. Papa yako akasimama na muguu mumoja.

«Mimi niko mutoto wako?»

Umesikia? Ni lile neno. Lile alikuambia vakansi iliyopita, mbele ya watu wale wale, pale ulimuuliza kama amemeza dawa. Ulirudi umelinyamazia, lakini Bahati, uliyekuwa naye, aliniambia. Mimi nililipokea kabla yako, mutoto wangu, mahali pale pale, labda hata ku kiti kile kile. Najua uzito wake. Najua linavyorudi ukilala. Halikukuhusu. Lilikuwa linakimbia haya yake mwenyewe, likakukanyaga weye mu njia.

Asubuhi yake nilimufuata ku kazi, nikimubebea chakula. Alikuwa amelala chini ya mashini moja kubwa, anapaka graisse, yale mafuta mazito, ndani ya viungo vyake, na kidole chake, polepole, kama mama anayepaka mutoto mafuta. Mashini ilikuwa imezimwa, imenyamaza. Nikaikala juu ya ndoo.

«Papa Furaha, iko inalia?»

«Nini?»

«Mashini.»

«Hapana. Ikianza kulia, ujue imekwisha kuharibika.»

«Sasa, kama hailie, juu ya nini unaitia graisse?»

Aliendelea kupaka. Kisha mukono wake ukasimama. Akatoa kichwa chini ya mashini, uso umechafuka mafuta, macho meupe pe.

«Mama Furaha, umekuja kunifundisha kazi yangu?»

«Mimi? Mimi niko mama wa sambaza. Nauliza tu.»

Alianza kucheka kutoka tumboni. Alicheka mpaka mwenzake mumoja akakuja kuangalia kuna nini. Akamujibu: «Bibi yangu anatafuta kazi ya kutia graisse.» Na jioni, mbele ya kula, alitoa boite, akamwaga maji mu kikombe, akaniambia bila kuniangalia: «Haya, tutie graisse.»

Tangu siku ile, dawa haiitwi dawa. Akija hapa, mimi nasema «graisse?» na yeye anasema «imekwisha kutiwa» ao anasema «aah, lete.» Umesikia mara ngapi, ukafikiri tunaongea juu ya kazi! Nyanya yako naye anafikiri vile. Kuna maneno ambayo bwana na bibi wanayaficha, si juu ya siri, ni juu ya utamu. Nilikuwa nalificha lile, liwe letu wawili tu. Na vakansi iliyopita nikakutuma kwake na chupa mu mukono, bila neno. Ulifika mbele ya wanaume na neno «dawa», juu ndilo neno pekee nililokupa.

Leo nakupa lile lingine. Usimuulize kama amemeza. Asubuhi, ukiwa unafunga kikwembe chako kwenda masomo, sema tu: «Papa, graisse?» Ataruka kidogo. Atajua kama nimekuandikia. Labda atajifanya kama hasikii, labda atacheka. Wale wanaume wakiwa pale, watafikiri ni mambo ya mashini. Haya itakuwa imefunikwa, yake na yako.

Na akikataa siku moja, muache. Weye si askari. Umesema kweli, weye si infirmière. Sikukuzaa uwe infirmière wa mutu, hata wa papa yako. Unaenda kuwa mwalimu, na nikisema neno hili ndani ya moyo nasikia kama mutu amenifungulia dirisha. Watoto watasimama pale unaingia! Mimi niliachia shule tumbo likiwa limeanza kuonekana, na weye ndiye ulikuwa ndani yake. Kwa hiyo utakaposimama mbele ya tablo ya kuandikia, tutakuwa tumerudi pamoja.

Mambo mawili tu usimuachie. Akipata vipele mu ngozi ao vidonda mu mudomo, asimeze tena hata kimoja, muende hopitali siku ile ile. Docteur alilirudia sana. Na lingine ni damu. Kule kwa kompanyi kuna mahali pa kupima. Umukumbushe, hata kama anaruka ku muguu mumoja kwa furaha, na hasa pale anaruka. Namba uitume kwangu na chauffeur, namba tu, bila maneno. Chauffeur atafikiri ni mambo ya kamari, muache afikiri. Mimi nitaipima na ule mustari na nitajua namna ya kulala. Docteur alituonyesha muzee mumoja aliyeacha bila kupima: mafundo magumu ku vidole, ku masikio, figo zimechoka. Muzee yule alikuwa anacheka vizuri kama papa yako. Ndiyo maana namukumbuka.

Weye mwenyewe kunywa maji. Ugonjwa unatembea ndani ya jamaa, na ni jamaa yako pia.

Chini ya mufuko wa unga unaobeba utakuta fungu dogo la sambaza, limefungwa ndani ya jani. Ni lako, si lake. Lakini nakujua, utamuonjesha. Muonjeshe. Umwambie hajanikosea kitu.

Nasikia bidon zinagongana ku njia, mumeanza kupanda. Bahati analia, umemukataza kitu. Bado neno moja, nalificha tangu zamani. Ile miaka ya kwanza, siku moja nilimuuliza papa yako: kati ya majani ya mama yako na goutte zangu za macho, ni nini ilikupoza kweli? Nilitaka aseme zangu. Akafikiri, akasema: «Majani ilinichoma. Matone yako sikuyasikia. Lakini ile pumzi ya Furaha ilikuwa baridi.» Alisema vile, na hajui kama nalikumbuka. Ndiyo maana, Furaha, sikutaka chupa hii ipande na mutu mwingine, si juu ya dawa, dawa hata chauffeur anaweza kuibeba, ni juu ya ile…

Ngoja, unaniita. «Maman! Chupa ya Papa umeiweka fasi gani? Haiko ku meza, na valise nataka niifunge!» Kumbe iko hapa, ku kona ya kikwembe changu, nimeikalia muda wote. Nakuja, mutoto wangu, nakuja nayo, usifunge bado, acha tu nafasi katikati ya nguo, pale pale ilipokuwa.